Siku Bi Pindo Alipopanda Juu ya Bati

Bi Pindo alikuwa mshonaji, na jina hilo alibandikwa na wateja wake. Hakuna nguo iliyotoka mlangoni kwake bila pindo lake kukaguliwa. Hata aliyepita kusalimia tu, amevaa gauni aliloshonewa na mtu mwingine, angeshtukia Bi Pindo ameinama, anageuza pindo nje ndani, anasema, "Hili litakuumbua njiani, mwanangu. Livue nilitie uzi."

Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Alikuwa mtu wa ardhini. Ngazi hakuipenda na ngazi haikumpenda. Hata taa ikiungua alimwachia mumewe, na mumewe akiwa safarini, walilala na mshumaa mpaka arudi.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Koki. Zilikuwa nyumba chache sana ambazo hakuwahi kulala chali chini ya sinki zake. Sola ya maji ya moto iliyokuwa juu ya nyumba yao aliifunga kwa mikono yake mwenyewe: paneli pana nyeusi ya kioo iliyoinamishwa kulielekea jua, na juu yake tangi la mviringo lililolazwa kwenye fremu ya chuma, usawa wa chumba chao cha kulala. Koki aliitunza sola ile kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Alipanda kuifuta vumbi, kwa sababu kioo kichafu hakilioni jua. Alifungua chini ya tangi kutoa matope na ukoko wa chokaa, maana maji ya mtaa ule yalikuwa mazito, birika lao lenyewe lilikuwa na magamba ndani. Na kila alipopanda, hakushuka kabla ya kuinyanyua kidogo valvu ya usalama, kitu kidogo tu cha shaba kilichochomoza ubavuni mwa tangi, kuhakikisha haijaganda.

Valvu ile ilikuwa na tabia ya kudondosha. Jua likipanda, maji yakichemka na kutanuka, ilitoa tone, tone, tone, likaanguka juu ya bati. Tak. Tak. Tak. Walipokuwa bado wapya katika nyumba ile, Bi Pindo alilalamika kwamba sauti hiyo inamtia wazimu.

"Linapumua," Koki alimjibu. "Wewe ukizibwa pua na mdomo utafurahi?"

Akazoea. Miaka ikapita, hata akawa haisikii tena.

Kisha Koki akapigwa na kiharusi. Alianguka bafuni asubuhi moja, na aliporudi kutoka hospitali alikuwa mtu wa kulala na wa kiti cha magurudumu. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yake yamekwenda. Daktari alisema akili ipo, ila njia ya kutokea maneno imeharibika. Bi Pindo aliitikia, lakini kuitikia si kuamini. Mtu unamuuliza kama amelala vizuri, anakujibu "ma, ma, ma" huku machozi yanamlenga; utajuaje kama aliyemo ndani ni yule yule? Neno moja tu lilibaki zima mdomoni mwake, nalo ni "Ala!" Chai ikiwa ya moto mno, "Ala!" Mgeni akiingia, "Ala!" Neno moja lilifanya kazi ya kamusi nzima.

Mwanamke alijifunza kumgeuza, kumlisha, kumwogesha. Maji ya sola ndiyo yaliyomwokoa katika hilo: alifungua bomba tu, beseni likajaa. Juu ya bati hakupanda mtu.

Muda si mrefu ukuta wa nje ukaanza kufanya doa. Valvu ilikuwa inadondosha zaidi kuliko zamani, na maji yalichuruzika kutoka batini mpaka rangi ya ukuta ikaanza kubambuka. Shemeji yake, mdogo wake Koki, dereva wa lori, alipokuja kumwona kaka yake aliliona doa lile kabla hata hajamaliza kusalimia. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe.

"Shemeji, usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, na kabla Bi Pindo hajajibu alikwisha kuegemeza ngazi. Alifunga koki ya maji ya moto iliyokuwa kwenye bomba linaloshuka ndani, ili yasimuunguze akifanya kazi. Akaifungua ile valvu ya shaba, akaitia mfukoni, na mahali pake akakaza kizibo cha chuma. Akashuka anajipangusa mikono.

"Tone halianguki tena," alisema.

Bi Pindo alimshukuru, akamwekea chai ya pili. Shemeji alikunywa amesimama, akaondoka na lori lake. Ile koki ya maji ya moto aliisahau imefungwa.

Siku zilizofuata zilikuwa za mawingu mazito. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kufungua bomba la maji ya moto. Jua halipo, moto utoke wapi? Bi Pindo alichemsha maji ya kumwogeshea mumewe jikoni na kuyabeba kwa sufuria.

Lakini Koki alibadilika. Alikataa kula. Alikodoa macho darini, akainua mkono wake mzima wa kushoto, akasema, "Ma! Ma!" Mkewe akamletea maji ya kunywa. Akayasukuma. Akadhani anataka kuoga, akamwogesha. Akiwa bado anamfuta mgongo, mkono ukainuka tena, kidole juu, "Ma! Ma! Ala!" Bi Pindo akaacha kufuta. Aliwahi kusikia kwamba kiharusi cha pili hutanguliwa na kuchanganyikiwa. Alimfunika vizuri, akaenda kukaa kwenye cherehani bila kushona, akaiachia kanga yake machozi.

Siku jua lilipotoka, lilitoka kwa hasira. Hakukuwa na wingu hata la kufutia macho. Kufika saa nne bati lilikuwa limeshaanza kulialia kwa joto. Siku hiyo alikuja mteja, mwalimu wa chekechea, mwanamke mnene mchangamfu, kujaribu gauni la sherehe ya shule. Bi Pindo alikuwa amepiga magoti anamtia pini kiunoni waliposikia kishindo chumbani. Koki alikuwa amelitupa birika la chai sakafuni.

"Ala! Ala! Ma! Ma!"

"Mzee wangu, nini?" Bi Pindo alikimbilia kitandani. "Unataka nini? Niambie!"

Koki alikuwa anatoka jasho. Alielekeza dirishani, kwenye jua. Kisha darini. Kisha alimkamata mkewe mkono kwa nguvu ambayo hakuwa ameionyesha tangu augue.

"Niambie tu, baba, nikufanyie nini?" Sauti ya Bi Pindo ilikuwa imeshapanda na kupasuka.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, gauni limejaa pini, hawezi hata kuinama. "Shangazi," alisema taratibu, "usimwambie akuambie. Hana maneno. Mimi watoto wangu wengine wanakuja hawajui kusema hata 'choo'. Mwambie akuonyeshe."

Bi Pindo akamgeukia mumewe. "Haya. Nionyeshe, mzee."

Koki alifumba macho kama mtu anayekusanya nguvu. Akanyoosha kidole kimoja, akagonga chuma cha kitanda. Tak. Akangoja. Tak. Akangoja. Tak. Kisha akakiinua kile kidole hewani, akakiacha hapo, hakikugonga. Akamtazama mkewe. Kidole kilibaki hewani.

Kimya.

Na katika kimya kile Bi Pindo akasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuna kinachosikika. Halafu akasikia kingine: juu ya dari, mvumo mzito, wa chini kabisa, kama sufuria kubwa iliyofunikwa na kuwekewa jiwe.

"Halipumui," alisema. "Mungu wangu, halipumui. Shemeji ameliziba."

"Ala," alisema Koki, na kichwa chake kikaanguka kwenye mto.

Walimtoa. Haikuwa kazi ndogo. Koki alikuwa mtu wa mifupa mikubwa. Mwalimu alimshika kwapani na pini zikamchoma pande zote, akawa anapiga kelele, "Uwi! Twende! Uwi! Twende!" mpaka wakamfikisha kwenye kiti. Walimsukuma uani hadi ng'ambo kabisa, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, mahali alipoweza kuliona bati. Mvumo ulikuwa unasikika hata huku nje sasa, na kila baada ya muda tangi lilipiga *ngo!* kama mtu aliyemo ndani anagonga atolewe.

Bi Pindo alikimbia ndani kwanza, akafungua bomba la maji ya moto bafuni. Halikutoa hata tone. Alirudi nje, akamwambia mumewe, "Bomba kavu. Lakini tangi limejaa, si ndiyo?" Koki alitikisa kichwa kukubali. Akaukunja ule mkono wake mzima ngumi, akauzungusha kwa kifundo, polepole, kama anayefungua kitu. Akaelekeza juu.

"Kuna koki huko juu. Imefungwa."

"Ala," ya ndiyo.

"Tumwite fundi," alisema mwalimu. "Au zimamoto. Shangazi, wewe huko huendi."

Bi Pindo alitazama barabara. Alilitazama jua. Halikuwa jua la kumngojea mtu. Katika nyumba ya jirani iliyopakana na chumba kile kulikuwa na mama anayenyonyesha. "Kamtoe mama mtoto," alimwambia mwalimu. "Na bafuni asiingie mtu yeyote." Kisha akaangalia ngazi, ambayo shemeji aliiacha imeegemezwa pale pale ukutani.

Alipouweka mguu kwenye kipago cha kwanza Koki alinguruma. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye dirisha la chumba chao, kuelekea kitandani, kisha anajifunika uso kwa kiganja. Akarudia. Kitanda, kufunika.

"Blanketi! Niifunike paneli isilione jua!"

Angekuwa na muda angelia kwa furaha, kwa vile alivyomwelewa upesi. Alichukua blanketi zote mbili na jora la kitambaa kizito cha mapazia lililokuwa likingoja kukatwa, akavifunga mgongoni kama mtoto, akapanda.

Juu ya ngazi dunia ilikuwa nyingine. Bati lilimpiga usoni kwa joto kama mlango wa tanuri. Alilala kifudifudi nusu mwili juu ya bati, nusu ingali kwenye ngazi, akahisi mitetemo ya tangi inapita tumboni mwake. Alikumbuka kitu Koki alichokuwa akiwaambia mafundi wa antena: kanyaga penye misumari, chini yake kuna mbao. Akautazama mstari wa misumari. Ulikuwa umenyooka kama mshono. Basi akaufuata kwa mikono na magoti, msumari kwa msumari, huku bati linamuunguza viganja na ndala zake zinanata.

Alitupa blanketi la kwanza juu ya kioo, likateleza. Alilivuta tena, akalipachika pembe kwenye fremu, kisha la pili, kisha akalikunjua lile jora na kulizungushia kila kitu, akalipiga fundo kwa fundo kama anafunga mzigo wa safari. Kioo kikazimika. Lakini tangi halikunyamaza. Lilikuwa limeshashiba moto.

Sasa alikiona kizibo. Kilikuwa karibu na uso wake, kipya, kinang'aa, na spana ya shemeji ilikuwa imesahauliwa juu ya fremu. Mkono wake ukaenda wenyewe. Si ndicho kilichokuwa kinaliziba tangi pua? Kifunguliwe, mambo yaishe. Alikuwa ameshaipachika spana kwenye kizibo.

"ALA!"

Sauti ile haikuwa ya mgonjwa. Ilipasua uwanja mzima. Bi Pindo aligeuka. Koki alikuwa amejiinua kwenye kiti kwa mkono mmoja, uso umemwiva, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Akaurusha mkono wake mbele kama mtu anayetupa mkuki, kisha akajipiga kifuani.

Alielewa. Kizibo kile kikilegea kitatoka kama risasi, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yake. Aliiondoa spana kwa uangalifu kama anayechomoa sindano kwenye jicho la mtu, akaiweka mbali. Jasho lilimwingia machoni.

Akaitafuta koki. Ilikuwa upande wa pili, gurudumu dogo jekundu kwenye bomba linaloshuka ndani. Alijisogeza mpaka akawa ubavuni mwake, si mbele. Alivua kanga ya kichwani, akaifunga mkononi. Alitazama chini. Mwalimu alikuwa amekwisha kurudi na, masikini, alikuwa anaelekea mlango wa nyuma, labda kuhakikisha bomba la bafuni limefunguliwa.

"Ala! Ala!" Koki aliona kabla yake.

"Mwalimu! Toka hapo!"

Mwalimu aliruka nyuma kama aliyekanyaga makaa.

Bi Pindo aliligusa lile gurudumu. Halikugeuka. Alikaza tena, meno yameumana. Likasogea unywele mmoja. Bomba likaruka mkononi mwake, likaanza kupiga kelele, filimbi kwanza, kisha mngurumo. Alimtazama mumewe. Koki alikuwa amekishusha kiganja chake, anakibembeleza hewani: polepole, polepole, subiri. Alisubiri. Dirisha la bafu likafoka mvuke mweupe. Kiganja kikaashiria: kidogo tena. Akageuza kidogo tena. Huko ndani kitu kilipasuka kwa kishindo, na maji yanayochemka yakasikika yakipiga kuta za bafu, na vioo vidogo vya dirisha vikaanguka uani kimoja kimoja.

Hakuachia. Alikiangalia kile kiganja cha mumewe tu, kama zamani alivyoangalia mguu wa mwalimu wake wa ushonaji juu ya pedali. Kidogo. Ngoja. Kidogo. Tangi lilipiga *ngo!* la mwisho, kisha mvumo ukaanza kushuka, ukawa mguno, ukawa pumzi, ukaisha.

Kushuka ndiko kulikomshinda. Aligoma kabisa juu ya ngazi, akashikilia mwisho wa bati, akalia kwa sauti kama mtoto mbele ya majirani wote waliokwisha kujaa uani. Mwalimu alipanda vipago vitatu na gauni lake la pini, akawa anampangia miguu: "Huu hapa. Na huu hapa. Hodari sana."

Bafu lilikuwa limeharibika. Bomba la ukutani lilikuwa limeng'oka zima, rangi imemenyeka kama ngozi ya ndizi, sabuni imeyeyuka ikawa uji. Bi Pindo alisimama mlangoni akakitazama kile kiti cha plastiki alichozoea kumkalishia mumewe. Kilikuwa kimejikunja chenyewe kama jani lililopitiwa na moto. Alirudi uani, akachuchumaa mbele ya Koki, akaulaza uso wake kwenye mapaja yake, upande ule usiohisi. Mkono wa kushoto ukaja juu ya kichwa chake.

Shemeji alikuja jioni ile ile, kwa maana habari za mtaani hazihitaji lori. Alisimama langoni, safari hii hakuwa na haraka.

"Mimi nilitaka kusaidia, shemeji."

"Najua."

"Ukuta ulikuwa unaoza. Ningejuaje?"

"Ungemuuliza mwenye nyumba," Bi Pindo alisema. Alikuwa amefungwa bendeji viganja vyote viwili. "Yumo humo ndani. Hata mimi sikumuuliza, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini ingia ukamwambie mwenyewe, usiniambie mimi."

Shemeji aliingia. Alikaa kwenye kiti, akakaa kweli, mpaka chai ikapoa, na walichozungumza ndugu wawili, mmoja akiwa na neno moja tu, Bi Pindo hakusikiliza. Alisikia tu "Ala" moja kali sana, kisha shemeji anapenga kamasi.

Valvu mpya ilifungwa na fundi mwenzake Koki wa zamani, aliyeipokea ile ya zamani kwa shemeji, akaibeba mpaka kitandani ili mgonjwa aione: mdomo wake ulikuwa umejaa chokaa, ndiyo maana haikuweza kufunga sawasawa na ikawa inachuruzika. Haikuhitaji kuzibwa, ilihitaji kubadilishwa. Fundi alijitolea kuja kila baada ya miezi kadhaa kuiangalia sola. Bi Pindo akamshukuru, akamwambia amfundishe yeye.

"Wewe, Bi Pindo? Juu ya bati?"

"Kwani nilishuka lini?"

Kwa hiyo akawa anapanda. Hofu haikumtoka, aliizoea tu, kama mtu anavyozoea mkwe mkorofi. Shemeji ndiye aliyeshika ngazi kila akiwa mjini, na Koki alikaa uani kwenye kiti chake, akiongoza kwa mkono. Bi Pindo alifuta kioo asubuhi kabla jua halijapanda. Alitoa matope. Alinyanyua valvu kidogo, akasikia inavyotema na kufunga. Siku moja fundi alimletea fimbo mpya ya madini inayokaa ndani ya tangi ili kutu iile yenyewe badala ya kulila tangi. Ya zamani ilikuwa imebaki kama mfupa wa samaki. Bi Pindo alikuwa anahangaika kuifungua nati yake, anavuta spana huku na huku, anasonya.

"Kushoto," sauti ilisema chini.

Alidhani ni shemeji. "Kushoto ndiko ninakovuta!"

"Kushoto *kwako*, mwanamke!"

Shemeji alikuwa ameiachia ngazi, anamkodolea kaka yake macho. Bi Pindo aliinua uso taratibu. Koki alikuwa ameduwaa kuliko wote, mdomo wazi, kama mtu aliyejikwaa akaokota pete.

"Unajifanya unajua sana," Bi Pindo alimwambia kutoka juu, na sauti yake haikuwa imara. "Panda basi ufungue mwenyewe."

Koki alifikiri. Ilimchukua muda, midomo ikijaribu na kushindwa na kujaribu.

"Nakuja," alisema.

Hakupanda, wala hajapanda mpaka leo. Lakini mama wa hospitali aliyemfanyisha mazoezi ya viungo, ambaye Koki alikuwa akimgeuzia uso ukutani kila alipokuja, alipofika wiki ile alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ndala moja imevaliwa, ya pili anaivuta kwa mkono wa kushoto, na anamfokea mkewe amsogezee kiti.